Feni Inapoamka Kitonga

Mara ya kwanza kuisikia feni ya gari ikinguruma kwa nguvu zake zote, nilidhani injini imepasuka. Tulikuwa katikati ya mlima Kitonga, mimi na mjomba wangu, ndani ya pikapu ya dizeli ya kuazima, nyuma tumefunga tela lenye mashine ya kukoboa mpunga. Muda mfupi kabla ya hapo tulisimama Ruaha Mbuyuni kununua vitunguu. Ilikuwa saa nane mchana, joto la bondeni lile linalowafanya mbuzi wajibanze kwenye kivuli cha nguzo ya umeme. Injini haikuwa na neno. Mshale wa joto ulikuwa umetulia palepale unapokaa siku zote, chini kidogo ya katikati.

Kwenye kona ya tatu au ya nne, nyuma ya semitrela lililokuwa likijikongoja kwa mwendo wa mtu anayewahi daladala, ndipo mvumo ulipoanza. Haukuja ghafla. Ulianza kama upepo kwenye dirisha ambalo halijafungwa vizuri, ukapanda, ukawa kama mtu kawasha mashine ya kusaga chini ya boneti, mwisho tukawa hatusikilizani. Nikikanyaga mafuta, unapanda. Nikiachia, unashuka. Mjomba akainama na kuchungulia chini ya dashibodi, utadhani kuna mnyama kajificha.

"Mpwa wangu, gari hili linataka kupaa?"

Sikuwa na jibu. Nikaona sehemu pana pembeni mwa barabara, nikajisogeza, nikazima injini. Kimya. Tukashusha pumzi. Hazikupita dakika mbili tukasikia kitu kinachuruzika, halafu mvuke ukatoka pembeni mwa boneti, na maji ya kijani yakaanza kutiririka kwenye lami kurudi tulikotoka.

Tulikaa pale saa nzima na ushee, matawi tumeyatandika mbele na nyuma ya gari kama ilivyo desturi, malori yakitupita kwa honi na maneno ambayo siwezi kuyaandika. Gari lilipopoa tukaongeza maji ya kunywa tuliyokuwa nayo, tukajikokota hadi Iringa. Ipogolo nikampata fundi mmoja mtu mzima, ovaroli lake limeiva kwa grisi. Nikamweleza yote. Hata boneti hakufungua.

"Lilichemsha likiwa linatembea, au ulipolizima?"

"Nilipolizima, mzee."

"Basi halikuchemsha, mwanangu. Umelichemsha wewe."

Kiswahili cha mjini kimelifanya neno kuchemsha kuwa na maana ya kufeli, na siku ile maana zote mbili zilinihusu. Feni ilikuwa ikifanya kazi iliyoletewa duniani. Mimi nikaizima katikati ya kazi, na nikazima pampu ya maji pamoja nayo, kwa kuwa zote zinazungushwa na injini ileile. Vyuma vya silinda hedi vilikuwa na moto wa dakika kumi za kupanda mlima na mzigo. Maji yaliyokuwa yakipita mbio na kuubeba moto ule kwenda kwenye rejeta yakasimama ghafla yakiwa yamezungukwa na chuma cha moto. Maji yaliyosimama mahali pa moto yana njia moja tu.

Tangu siku hiyo nimekuwa na hamu ya kuijua kelele ile, na nimekutana na madereva wengi walioogopeshwa nayo kama nilivyoogopa mimi, hasa wale wanaotoka kwenye gari dogo la petroli na kuingia kwenye pikapu ya dizeli. Gari dogo lina feni ya umeme. Ikiwaka unasikia mluzi mwembamba, basi. Pikapu kubwa ina feni inayofungwa mbele ya injini na kuzungushwa na injini yenyewe. Ikiamka, inaamka na mtaa mzima.

Tuanze na moto wenyewe, maana bila kuujua ukubwa wake kelele haieleweki. Gari letu, tela, mashine, gunia la vitunguu na sisi wawili, tuseme tani nne na nusu. Tuseme barabara inapanda mita 7 kwa kila mita 100, na semitrela la mbele limetupisha, tunakwenda kilomita 36 kwa saa, ambazo ni mita 10 kila sekunde. Maana yake kila sekunde moja injini inazinyanyua tani nne na nusu kwenda juu kwa sentimita 70. Kazi hiyo peke yake ni kilowati 31. Weka na ukinzani wa matairi, upepo, na nguvu inayopotea kwenye giaboksi na difu, unakaribia 40.

Sasa dizeli ni mfanyakazi hodari kuliko petroli, lakini bado ni mfujaji. Kwenye injini za dizeli za zamani, katika kila shilingi 100 za mafuta unayochoma, kama 30 hivi au zaidi kidogo ndizo zinazofika kwenye magurudumu kama kazi. Nyingine 30 hivi zinatoka kwenye ekzosi. Zinazobaki zinaingia kwenye maji, kwenye oili na kwenye mwili wa injini. Kwa hiyo kadirio la haraka la fundi si baya: moto unaoingia kwenye maji unalingana na kazi inayofanyika. Kilowati 40 za kuvuta, kilowati 40 za kupoza. Chukua pasi 40 za umeme, za wati 1,000 kila moja, ziwashe zote, zipange mbele ya gari lako, halafu uambiwe uzipoze kwa kupuliza.

Na kwa nini siku ileile, kwenye tambarare ya Mikumi, ukiwa na mzigo uleule, feni haikusema kitu? Kwa sababu kwenye tambarare hakuna kunyanyua, na upepo wa kilomita 80 kwa saa unaingia wenyewe kwenye grili bila kuombwa. Mlimani mambo mawili yanakugeuka kwa wakati mmoja: moto unaongezeka na upepo unapungua. Ukiwa nyuma ya lori kwa kilomita 15 kwa saa, na upepo wa bondeni unakusukuma mgongoni, mbele ya rejeta hewa imesimama kama maji ya kisimani. Kuziondoa kilowati 40 kwa hewa inayoongezeka joto nyuzi 40 ikipita kwenye rejeta kunahitaji karibu mita moja ya ujazo ya hewa kila sekunde. Hayo ni mapipa matano ya lita 200, kila sekunde, mlima mzima. Mwenye kuyavuta ni feni peke yake.

Ila feni hiyo haizungushwi moja kwa moja, na hapa ndipo palipo na kifaa ninachokipenda kuliko vyote kwenye gari. Fundi yule wa Ipogolo alinitolea kimoja kibovu kutoka kwenye boksi la vyuma chakavu, akakifuta kwa kitambaa na kukiweka mezani. Ni kama kopo bapa la alumini lenye mapezi, ukubwa wa sahani ya chai au zaidi kidogo. Upande wa nyuma linafungwa kwenye pampu ya maji, ambayo inazungushwa na mkanda. Pangaboi za feni zinafungwa kwenye ukingo wake. Mafundi huliita klachi ya feni, lakini ndani yake hakuna klachi unayoijua, hakuna vitambaa vinavyosuguana. Kuna diski yenye mifereji ya duara, inayoingiliana na mifereji ya kopo bila kugusana, na kati yao kuna nafasi nyembamba sana.

Kinachojaza nafasi hiyo ni mafuta ya silikoni, mazito, meupe kama kioo yakiwa mapya. Chukua sahani mbili, weka mlenda katikati, zungusha ya chini: ya juu itafuata, kwa kusitasita. Futa mlenda, ya juu itabaki imekaa. Ndiyo kanuni yote. Mafuta yakiwa kwenye mifereji, feni inashikamana na injini. Yakiwa yamerudi kwenye chumba chake cha akiba, feni inalegea na kuzunguka kivivu.

Nani anafungua na kufunga mlango kati ya vyumba hivyo viwili? Tazama mbele ya kopo, upande unaoelekea rejeta. Utaona springi bapa iliyojiviringisha kama dawa ya mbu ya kuchoma. Imetengenezwa kwa metali mbili zilizogandishwa pamoja, moja ikitanuka kwa joto kuliko mwenzake, hivyo ikipata moto springi inajipinda. Inapojipinda inageuza kijivali kidogo ndani, mlenda unaingia. Hakuna waya, hakuna kompyuta, hakuna fyuzi ya kuungua ukiwa Kitonga.

Angalia lakini springi hiyo inapima nini. Haipimi maji. Inapima hewa iliyokwisha kupita kwenye rejeta. Ndiyo maana feni huchelewa: kwanza maji yapate moto, thamostati ifunguke kabisa, rejeta ipate moto, hewa ya nyuma yake ipate moto, springi ijipinde, mafuta yajaze mifereji. Dakika kadhaa. Na ndiyo maana huchelewa pia kuacha. Ukifika juu, barabara imenyooka, mzigo umepungua, feni itaendelea kuunguruma kwa muda hadi springi iridhike. Wageni wengi huogopa hapo zaidi kuliko mlimani kwenyewe.

Asubuhi nayo ina kisa chake. Gari likilala usiku kucha, sehemu ya mafuta ya silikoni huteremka taratibu na kujikusanya kwenye mifereji. Ukiwasha, feni inanguruma kwa dakika moja au mbili ingawa injini ni ya baridi, kisha inanyamaza yenyewe mafuta yanaporudishwa kwenye akiba. Jirani yangu mmoja alibadilisha beringi za alteneta kwa sababu ya mvumo huo. Nilikuwa simfahamu vizuri wakati ule, la sivyo ningemwokolea hela.

Kuhusu ukali wa kelele. Ukiiongezea feni mzunguko mara mbili, hewa inayovuta inaongezeka mara mbili tu. Nguvu inayohitajika kuizungusha inaongezeka mara nane. Na kelele inapanda kwa takriban desibeli 15, wakati sikio la binadamu linahesabu desibeli 10 kuwa ni kelele maradufu. Kwa hiyo feni iliyokuwa ikizunguka kivivu, ikishikamana na injini inayozunguka mara 3,000 kwa dakika, haikupi onyo la adabu. Inapiga ukelele. Nguvu yenyewe inayoliwa ni kilowati kadhaa, na unaisikia kwenye mguu: gari linakuwa zito kidogo palepale ulipolihitaji liwe jepesi. Watengenezaji walijitahidi kuupunguzia makali mlio huu. Ukizikagua pangaboi za feni nyingi, utakuta nafasi kati yake hazilingani; moja iko karibu na mwenzake, nyingine imejitenga. Si kosa la kiwandani. Zikilingana, feni inapiga noti moja kali kama filimbi. Zikipishana, noti zinavurugika, unapata mvumo badala ya mluzi. Tunapaswa kushukuru, japo siku ile sikushukuru.

Kuna jambo jingine linalochanganya: gia. Dereva anasikia mvumo, anaona gari limechoka, anashusha kutoka gia ya tatu kwenda ya pili. Mzunguko wa injini unapanda, feni nayo inapanda, kelele inazidi. Anadhani amelitesa gari, anarudisha gia ya tatu, kelele inapungua, roho inatulia. Kumbe kaharibu. Gia ya chini inazungusha pampu ya maji na feni haraka zaidi kwa mwendo uleule wa gari, na mzigo uleule unagawanyika kwenye mizunguko mingi zaidi. Gia kubwa na mguu hadi chini ndiyo njia ya kupasua gasketi ya silinda hedi kimyakimya.

Neno hilo, kimyakimya, ndilo ninalotaka dereva alichukue zaidi ya mengine. Mishale ya joto ya magari mengi ya siku hizi imefundishwa uongo wa kistaarabu. Watengenezaji walichoka na wateja waliorudisha magari kwa sababu mshale umecheza milimita mbili, wakautengeneza usimame katikati kwa upana mkubwa wa nyuzi joto, uondoke pale tu mambo yanapokuwa yameharibika. Feni haina adabu hiyo. Inakuambia mapema kwamba rejeta imejaa moto, na inakuambia kwamba inaushughulikia. Mimi sasa hivi nikipanda Kitonga na tela halafu nisisikie kitu hadi nusu ya mlima, ndipo ninapoanza kutoka jasho.

Klachi ikivuja mafuta yake, haipigi kelele yoyote. Ishara pekee ni mstari wa vumbi lililogandamana kwa unyevu kwenye uso wa kopo, kuanzia katikati kwenda ukingoni, kama njia ya konokono. Feni inabaki kuzunguka kivivu siku zote. Kwenye lami tambarare hutajua. Upepo wa barabara unatosha. Utajua foleni ya Dar es Salaam, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, au utajua mlimani. Gari linalochemsha foleni na milima tu, na tambarare halina shida, kabla hujamlipa mtu afungue silinda hedi, zima injini ikiwa ya moto, ondoa ufunguo, na uizungushe feni kwa mkono. Ikikupinga kama kijiko kwenye ugali unaoanza kushika, ni nzima. Ikizunguka raundi tatu nne kama feni ya karatasi ya watoto, umempata mwizi. Kuna mafundi wanaoijaribu kwa kusukuma gazeti lililosokotwa kwenye pangaboi injini ikiwa inawaka, waone kama itasimama. Nimeona ikifanyika. Sitaki kuiona tena.

Toyota huuza mafuta ya silikoni ya kazi hii katika vichupa vya mililita 18, kwa viwango tofauti vya uzito, na wenye Land Cruiser wa zamani wanaofungua klachi zao na kuzijaza upya wako kila bara. Ni kazi ya saa moja na moyo mtulivu. Oili ya injini haifai, haidroliki haifai. Ni nyepesi, na joto linazifanya nyepesi zaidi, wakati silikoni haibadiliki sana. Nimeona klachi iliyojazwa oili ya giaboksi. Ilifanya kazi hadi nje ya geti.

Lakini tiba iliyoenea kwetu si hiyo. Tiba iliyoenea ni kuchomelea. Fundi anaona klachi imelegea, anapiga weldingi nukta tatu, feni inakuwa kitu kimoja na injini milele. Nimelijadili jambo hili na mafundi wengi, na sina budi kukiri kwamba hoja yao ina uzito: klachi mpya halisi ni ghali, ya bandia hudumu miezi, na mteja yuko safarini na mzoga wa ng'ombe nyuma unaooza. Weldingi inamfikisha. Tatizo ni kwamba alifika mwaka juzi na weldingi bado iko. Feni inanguruma asubuhi, inanguruma tambarare, inanguruma kilomita 100 kwa saa ambako haihitajiki kabisa, inakula dizeli kwa kazi isiyo na faida, na beringi ya pampu ya maji inabeba mtikisiko wote. Baya zaidi, dereva amezibwa sikio. Feni inayopiga kelele saa zote haiwezi kukuambia lolote.

Na mtoni? Klachi nzima ikigusana na maji inateleza, pangaboi zinapungua mwendo. Feni iliyochomelewa inayapiga maji kwa nguvu ya injini. Pangaboi zinajivuta mbele kama parapela ya boti, na mbele yake, kwa nafasi ya vidole vichache, ndipo ilipo rejeta. Madereva wa zamani wa njia za porini walikuwa wakifunga turubai mbele ya grili kabla ya kuvuka ili maji yasiingie kwa kishindo. Wengine walilegeza mkanda kabisa. Sasa tunachomelea, halafu tunashangaa rejeta imechanika kwa nusu duara safi kama iliyochorwa kwa bikari.

Dhambi nyingine nazipitia haraka. Thamostati kutolewa kwa sababu "hizi ni za nchi za baridi": maji yanapita rejeta siku zote, injini haifikii joto lake, dizeli inaungua vibaya, na kwenye injini nyingi njia ya mkato ya maji inabaki wazi muda wote, hivyo mlimani unachemsha upesi zaidi kuliko ulipokuwa nayo. Kava la plastiki linalozunguka feni kutupwa kwa sababu linamzuia fundi kufikia mkanda: bila kava, feni inavuta hewa yake mwenyewe kutoka pembeni na kuizungusha palepale, kelele ileile na kazi nusu. Mbegu za nyasi na tope kwenye mapezi ya rejeta, hasa ukiwa na kondensa ya kiyoyozi mbele, maana uchafu hujificha katikati ya hivyo viwili na ukitazama kwa mbele unaona pasafi.

Marekani, ambako pikapu za Ford F-Series zimekuwa zikiongoza mauzo kwa miongo kadhaa, kelele hii wanaijua kuliko sisi, kwa sababu nusu ya nchi inavuta kitu mwisho wa wiki: boti, farasi, nyumba ya magurudumu. Kule springi ya dawa ya mbu imestaafu. Kwenye Ford Super Duty, kwenye Ram yenye injini ya Cummins, na kwenye Chevrolet yenye Duramax, kijivali cha klachi kinaamriwa na kompyuta. Kompyuta haisubiri hewa ipate moto. Inasoma joto la maji, joto la mafuta ya giaboksi ya otomatiki, joto la hewa inayotoka kwenye tabo, na presha ya kiyoyozi, na yoyote kati ya hao akilalamika, feni inaamka. Matokeo yake dereva anasikia mngurumo huku mshale wa maji umelala usingizi, anadhani kompyuta imerukwa na akili. Mara nyingi ni giaboksi ndiyo iliyoomba msaada.

Nao wana Kitonga yao ya kupimia. Inaanzia Bullhead City, Arizona, karibu na bwawa la Davis kwenye mto Colorado, inapanda barabara namba 68 kwa kilomita 18 hivi, karibu mita 900 kwenda juu, katikati ya jangwa. Kanuni ya wahandisi iitwayo SAE J2807, iliyotolewa mwaka 2008, inataka pikapu ipande pale na mzigo wote inaodai kuweza kuuvuta, hewa ikiwa na joto lisilopungua nyuzi 38, kiyoyozi kimefunguliwa hadi mwisho, na mwendo usishuke chini ya kilomita 64 kwa saa, au 56 kwa zile zenye tairi nne nyuma. Isichemshe, isiwashe taa ya onyo. Kabla ya hapo kila kampuni ilijiandikia namba yake ya kuvuta ilivyopenda. Toyota ndiyo iliyotangulia kuifuata, kwa Tundra ya mwaka 2011, na wengine wakachukua miaka kukubali. Wivu wangu ni mmoja tu: hakuna semitrela la kilomita 15 kwa saa kwenye kipimo chao. Kwetu lori la mbele ndilo linaloamua utapata upepo kiasi gani, na hakuna mhandisi anayeweza kuliandikia kanuni.

Basi mvumo ukianza mlimani, fanya nini? Endelea. Shusha gia kabla hujalazimika, acha injini izunguke kwa uhuru bila kuikaba. Zima kiyoyozi, maana kondensa yake inatapika moto mbele ya rejeta yako. Mshale ukianza kuondoka mahali pake, fungua hita ya ndani hadi mwisho na ushushe vioo. Ndiyo, hita, saa nane mchana, Kitonga. Ni rejeta ndogo ya pili, na abiria watasamehe baadaye. Achia nafasi mbele yako ili usimeze moshi na joto la lori. Ukilazimika kusimama, simama, lakini usizime: weka gia huru, kanyaga mafuta kidogo, acha feni ipige kelele yake hadi ichoke. Kuzima ni kwa mkanda uliokatika au maji yaliyokwisha, basi. Na mfuniko wa rejeta usiuguse. Mfuniko ule unashikilia presha ya karibu bar moja, na kwa presha hiyo maji hayachemki hadi yakaribie nyuzi 120. Ukiufungua kwenye mwinuko wa Iringa, mita 1,600 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kwa hiyo maji yaliyokuwa yametulia kwenye nyuzi 110 yanachemka mara moja, yote kwa pamoja, na uso wako uko juu yake.

Nilirudi Kitonga mwaka uliofuata na mjomba yuleyule, tela jingine, mabati na saruji. Pikapu ilikuwa yangu safari hii, na klachi ya feni niliijaza mwenyewe, mililita kwa mililita, kwa bomba la sindano. Mvumo ulianza karibu na pale tulipochemsha mara ya kwanza. Mjomba akanitazama. Nikashusha gia ya pili. Akashika kishikio cha juu ya mlango, hakusema kitu hadi kileleni.

Juu nikatoka barabarani, nikaacha injini ikiwa inawaka. Kijana wa karanga akaja dirishani, akafungua mdomo, hatukumsikia. Akaonyesha boneti kwa kidole, kisha akapitisha kiganja shingoni: zima. Nikamwonyesha kiganja: subiri. Tukabaki tukitazamana, yeye na beseni lake la karanga kichwani. Ilichukua kama dakika tatu. Kisha mvumo ukashuka, ukalegea, ukayeyuka, na sauti yake ikatufikia katikati ya sentensi ambayo bila shaka alikuwa akiirudia kwa mara ya tano.

"...mia tano, mzee. Za kuchemsha na za kukaanga."

Mjomba akacheka mpaka akakohoa. Akanunua za kukaanga.